Springi Mbili na Msiba Mmoja

Jumatatu, 12 Julai 1976. Mbeya.

Daktari amesema moyo wangu umechakaa. Mchungaji amesema niungame kabla sijaondoka. Nimeona niungame kwa maandishi, maana mchungaji husinzia. Dhambi za zamani nimezisahau. Nitaandika mpya, moja moja, zikiwa bado mbichi.

Ya kwanza: kiburi. Nataka kufia Kalenga, Iringa, kwa baba zangu, na nifike huko nikiendesha Ostini yangu mwenyewe. Tatizo: springi za nyuma zimetangulia kufa. Gari limekaa kama kuku anayetaga.

Jirani yetu Gama, polisi mstaafu, amekuja kunijulia hali. Ni Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo ni mtani wangu na hakuna sheria ya kumfunga mdomo. Amesema nisihangaike. Atanipeleka kwa Landrova yake, nyuma, juu ya magunia ya mkaa, nikiwa hai au vinginevyo. Akaongeza kwamba Mhehe akifika kwao bila kubebwa, watu wake hawamtambui. Nimecheka kwa adabu. Moyoni nimemtakia kuhara. Hiyo ni ya pili.

Jumatano, 14 Julai.

Springi hakuna. Soko zima la Mwanjelwa wananiambia nijaribu mwakani. Mwakani! Wamenitazama vizuri kweli?

Nimedandia lori hadi Chimala kwa rafiki yangu Bujiku, Msukuma mkulima wa mpunga. Ng'ombe wake huvuta mkokoteni wenye springi nene kama methali. Nimebadilishana naye springi mbili kwa koti langu la harusi na saa ya ukutani. Bujiku amelivaa koti papo hapo, akaenda nalo kukamua.

Saa ni ya mke wangu, Ikupa. Hiyo ni ya tatu.

Alhamisi, 15 Julai.

Ikupa ameuliza saa iko wapi. Nimesema iko kwa fundi. Ameuliza fundi yupi. Nimeshika kifua. Hakuuliza tena. Ugonjwa una faida zake.

Fundi wa magari simtaki, atamwambia Gama. Nitafunga springi mwenyewe. Kabla ya kuwa mkaguzi wa shule nilifundisha fizikia miaka mingi. Nyenzo, egemeo, uzani. Kasoro ni jeki tu: inapanda robo, inashuka nusu. Kama mshahara.

Ijumaa, 16 Julai.

Aibu! Na ushindi!

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi. Nikatandika blanketi chini ya gari, nikapanga springi ubavuni, nikajilaza kukagua bolti. Jua likaipata miguu yangu. Nikasinzia. Sijapata usingizi mtamu hivyo tangu nistaafu.

Nimeamshwa na ukunga wa Ikupa. Ameona miguu miwili haichezi na jeki imelala chini. Hakutaka ushahidi zaidi. Kabla sijapata sauti, ua umejaa watu, na unga umeshaanza kuletwa.

Ningeweza kutoka. Naungama: sikutaka. Jirani mmoja alikuwa analia kwamba nilikuwa mtu mpole. Hakuna aliyewahi kusema hivyo nikiwa macho! Nikabana pumzi, nisikie mengine. Wanaume wakashika bampa ya nyuma ili maiti itolewe. Wakanyanyua. Ostini ikapaa! Nikawaza: jeki ya namna hii haiuzwi duka lolote.

Ndipo akaingia Gama, kutimiza wajibu wa mtani. Akatambaa, akajilaza kando yangu, akaigiza Ostini yangu ikipanda mlima: kwichi, kwichi, puuu. Msiba mzima ukaangua kicheko. Akatangaza kwamba marehemu alikuwa bahili mpaka mwisho: ameuliza bei ya jeneza, akaamua kujifunika gari. Akasema kesho Landrova inaondoka, mkaa chini, Mhehe juu.

Hapo nikashindwa. Nikafumbua macho nikamwambia sipandi!

Gama akaruka, akagonga kichwa. Mayowe. Walioshika bampa wakataka kukimbia. Nikawaamuru kwa sauti ya ukaguzi wasiachie. Hawakuachia. Nikaagiza matofali, nikaagiza spana. Jua lilipozama springi zote mbili zilikuwa mahali pake, zimefungwa na waombolezaji wangu mwenyewe, huku wakinilaani.

Ikupa amewapa wote ugali na maharage ya msiba. Mimi nimenyimwa. Amesema maiti hali.

Gama amedai jogoo wake wa utani. Kazi ameifanya, anasema. Kosa la kutokufa ni langu. Nimempa jogoo. Wa Ikupa. Ya nne? Ya tano?

Jumamosi, 17 Julai. Chimala.

Tuliondoka alfajiri. Ikupa amekubali kupanda baada ya kuapiwa kwamba saa yake tutaichukua njiani.

Springi za mkokoteni ni ngumu mno. Gari limeinua nyuma, limeshusha pua, linasujudu njia nzima. Uzito wote mbele. Nilikwisha kuiona Chimala, springi za mbele zikasema krak, moja kisha mwenzake.

Ikupa amemkuta Bujiku shambani na koti langu la harusi, na saa yake imetundikwa zizini. Ameitungua saa. Kisha ameniangalia. Daktari hakunitisha hivyo.

Kisha Landrova. Gama! Anasema amekuja kukagua mzigo wake. Nyuma hakuna mkaa. Ameweka godoro na mito miwili. Ameniambia, bila hata utani, kwamba Iringa tutafika jioni, mzee wangu, panda. Ikupa ameshakaa mbele, saa mapajani. Moyo wangu unapiga kwichi, kwichi.

Nimewaambia wasubiri hadi kesho. Bujiku ana mkokoteni wa pili, nami nina suruali ya harusi. Shida ni jeki. Lakini nimetazama sokoni: wanaume wengi, mikono mizito.

Asubuhi nitatandika blanketi chini ya gari. Hapa Chimala bado hawajanililia.