Uhakiki Wangu wa Mashimo Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Mhariri ametuita ofisini kwake watu wawili, mimi na msahihishaji wetu, Bi Nukta. Gazeti linaanzisha ukurasa wa michezo ya kompyuta, kila wiki, na jina la mwandishi juu, kwa herufi nene. Kila mmoja wetu acheze mchezo uitwao Mashimo Tisa, aandike uzuri wake na udhaifu wake, alete Jumatatu ijayo. Atakayeandika vizuri zaidi ndiye mwenye ukurasa.

Jina juu! Miaka kumi na mmoja naandika nyota za wiki, na chini yake huwekwa "Mnajimu Wetu" basi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, huzisoma kwa sauti wakati wa chai na kusema huyu Mnajimu ndiye mwanamume. Nimemwambia mara tatu kwamba Mnajimu ni mimi. Mara zote tatu alicheka mpaka akaomba leso. Sasa asome jina langu kwa macho yake, tuone nani atacheka.

Bi Nukta ukurasa wa nini? Mjane, mpole, hafungui mdomo ila kuna kosa. Ana kalamu yake nyekundu, na makala zote za gazeti lazima zipite mezani kwake. Haimtoshi? Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nitasaidia limponyoke.

Jumanne, 4 Machi

Nimecheza. Niseme kweli, maana humu najisomea mwenyewe. Wewe ni shujaa, una upanga na mkoba. Unashuka chini ya ardhi, shimo baada ya shimo, unapigana na mazimwi, na chini kabisa anakungoja Malkia wa Majivu. Niliingia shimo la kwanza kifua mbele. Nikauawa na panya.

Panya! Wala hakuwa mkubwa. Nilikuwa nabonyeza kitufe cha kuchomoa upanga, kumbe ndicho cha kula mkate. Nikala mikate yote mitatu huku panya ananimaliza. Nilizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani. Kitabu cha maelezo kina kurasa arobaini. Mtu mzima na akili zake asome kurasa arobaini kwa sababu ya panya? Thubutu!

Alhamisi, 6 Machi

Bi Nukta anacheza saa ya chakula, hedifoni masikioni. Hali, haongei. Mara anatabasamu peke yake. Pembeni ana daftari la jalada la kijani, anaandika, anacheza, anaandika. Nilipita hapo mara sita nikienda kunywa maji ili nichungulie. Mara ya saba mhariri akaniuliza kama nimepimwa sukari.

Nikamuuliza Bi Nukta, kwa adabu zote, amefika shimo la ngapi. Akasema la sita. La sita! Akaniuliza na mimi je. Nikasema nakaribia. Akanishauri nijihadhari na buibui wa shimo la tatu, sumu yao haitoki mpaka unywe maji ya kisima. Nani alimwomba ushauri?

Nikarudi mezani na hasira zangu, nikaandika nyota za wiki. Yeye ni Nge. Nge nimemwandikia: "Tamaa itakuumbua. Mwachie mwenzako" Ikarudi saa tisa. Hakugusa neno. Ameniwekea nukta niliyosahau mwishoni.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu si Athumani! Bi Nukta ameitwa mtamboni kukagua ukurasa wa mbele, akaliacha daftari mezani. Nimelipiga picha kwa simu, jalada mpaka jalada. Mtu asiseme nimeiba. Mwizi ni yule anayechukua kitu mwenyewe akakikosa. Daftari lipo palepale, hata sikulipindisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika kutwa. Mke wangu aliniomba nitengeneze bawaba ya mlango, nikamwambia aniache, niko shimo la sita. Akasema hilo analiona.

Daftari ni dhahabu! Uzuri: kila kompyuta humchimbia mchezaji wake mashimo yake, kwa hiyo hakuna watu wawili wenye njia moja. Maji yanadondoka gizani mpaka unapandisha miguu juu ya kiti. Mazimwi yana akili, ukilikimbia moja linakwenda kuita wenzake. Udhaifu: mkoba unabeba vitu vinane tu, ukitaka kuokota dawa lazima utupe taa. Maandishi ni madogo kama mayai ya chawa. Na ukifa, unaanza upya kutoka juu. Yote nimeyachukua, nikageuza maneno hapa na pale yanukie mimi.

Ila kuna jambo moja Bi Nukta ameshindwa kuliona kwa jicho la mhakiki. Ni huyu Fundi Saa. Anatajwa karibu kila ukurasa. "Nimepita kwa Fundi Saa." "Fundi Saa yuko palepale kisimani, shimo la sita." "Leo sikuendelea mbele, nilikaa na Fundi Saa." Hapigani, hasemi, hauzi kitu. Sasa ana kazi gani? Uhakiki unataka meno! Nikaandika: "Udhaifu mkubwa kuliko wote ni Fundi Saa, mhusika asiye na faida yoyote, amekaa kisimani kama gunia. Waliotengeneza mchezo wangemfukia tumsahau." Nimejisomea mara mbili. Tamu!

Jumatatu, 10 Machi

Nimewasilisha. Makala ikapita kwanza kwa Bi Nukta, kama ilivyo ada. Nilijifanya natafuta kitu kabatini, nimwone kama atalitambua daftari lake. Alisoma taratibu. Ukurasa wa pili akaweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akashika kalamu, akasahihisha koma mbili, akatia sahihi kwamba makala ni safi, akaipeleka kwa mhariri kwa mkono wake mwenyewe.

Nikajua meno yamemwingia. Nyumbani nilimwambia mama mkwe akae mkao wa kula.

Jumanne, 11 Machi

Mhariri ameniita. Akafungua Mashimo Tisa kwenye kompyuta yake, akaniambia nimwonyeshe Fundi Saa. Nikasema yuko mbali sana, shimo la sita. Akasema ana muda. Nikakaa. Nikala mikate yote mitatu. Panya akaja.

Nilipokwisha kufa, mhariri akaanza kunieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto aliyemeza kifungo. Shujaa akifa, mwili wake hubaki pale alipofia. Ukirudi na shujaa mwingine, unamkuta. Imeandikwa kwenye kitabu cha maelezo, ukurasa wa pili. Na jina la shujaa unalitoa wewe. Kwa hiyo hakuna Fundi Saa popote ila kwenye kompyuta ya Bi Nukta. Marehemu mumewe alikuwa akitengeneza saa mtaa wa nyuma ya ofisi, na wateja wake wote walimwita hivyo. Alifariki mwaka jana. Bi Nukta alimpa shujaa wake wa kwanza jina hilo, akafika naye shimo la sita, shujaa huyo akauawa kisimani.

Nikauliza, sasa kwa nini hakuifuta ile sentensi wakati anasahihisha? Mhariri akasema na yeye alimuuliza hivyohivyo. Bi Nukta akajibu kwamba yeye kazi yake ni makosa ya herufi, na pale herufi zote zilikuwa sahihi.

Niliona aibu. Masikio yalipata moto. Sikuweza kupita karibu na meza yake, nikatokea mlango wa jikoni, nikaketi kwenye ngazi za nje nikijua kabisa kwamba mimi ni mtu mdogo, na kwamba wote ndani wanajua. Nilitamani ardhi ipasuke. Hali hiyo ilidumu mpaka saa kumi hivi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeomba radhi. Si kwa mdomo, mdomo ulikataa. Nimetumia nyota. "Nge: Rafiki yako wa karibu anajuta mno. Msamehe." Ikarudi na mstari mwekundu mmoja. Amekata "rafiki yako wa karibu", akaandika juu yake "mtu".

Ijumaa, 14 Machi

Ukurasa umetoka. Jina la Bi Nukta liko juu, kwa herufi nene. Jina lake kamili, ambalo kumbe ni refu na zuri, na mimi miaka yote hii sikuwahi kumuuliza.

Mama mkwe ameusoma kwa sauti wakati wa chai. Mkoba, buibui, maandishi madogo. Akafika mwisho: "Uzuri mkubwa wa mchezo huu ni kwamba hauwafagii wafu wake. Udhaifu wake mkubwa ni huohuo. Utashuka kila siku kuwaona, na shimo la tisa hutalifikia." Mama mkwe naye ni mjane. Akakunja gazeti, akasema huyu mama anajua anachosema. Nyota hakuzisoma leo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetafakari siku mbili. Asiyejifunza kwa makosa yake ni mbumbumbu, na mimi si mbumbumbu. Somo nimelipata na naliandika hapa nisilisahau: usinakili daftari la mjane.

Leo mhariri ametangaza ukurasa wa bustani. Kila wiki, jina juu, herufi nene! Nimejiandikisha, akanitazama kitambo kirefu lakini hakukataa. Mshindani wangu ni mama wa mapokezi. Anapanda maua kweli, na ana daftari, huliweka kwenye droo isiyo na kufuli. Safari hii sikukurupuka. Nilimsindikiza kwanza hadi getini, nikamuulizia hali ya mumewe. Akasema mzima wa afya, yuko nyumbani anamwagilia.

Basi hakuna tatizo.