Hotuba ya Kuzindua Joto la Akiba kwa Kaya Zinazochemsha Maji kwa Jua

Tumsifu Yesu Kristo. (Wananchi: Milele, amina.) Na kwa wale ndugu zetu Waanglikana waliopanda kutoka kando ya ziwa kuja kuuza dagaa wa usipa, Bwana Yesu asifiwe. (Watatu: Amina.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Raimundi, Mheshimiwa Mwenyekiti Mstaafu, ambaye naona amekalia kiti kizuri kuliko cha aliyepo madarakani, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Joto, Waheshimiwa Wake wa Wajumbe wa Kamati ya Joto, Katekista wetu, Mwalimu Mkuu na mwenzake, Mheshimiwa Dereva wangu, wakulima wa kahawa wa daraja la kwanza, la pili, na ninyi mliochuma ikiwa bado kijani, akina mama, akina baba, na wewe uliyesimama pale nyuma kwa kukosa kiti, itifaki imezingatiwa, kaa chini. (Anakaa chini, kwenye majani yenye umande.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu asubuhi hii ya Juni, katika ukungu ambao nimeambiwa unawazuia waliokaa nyuma kuniona (Sauti kutoka kwenye ukungu: Tunakusikia tu, mheshimiwa), mimi Kilian Kinunda, Mratibu wa Nishati Rafiki ya Kaya, Mjumbe wa Jopo, Katibu wa Jopo na kwa sasa Jopo lenyewe, ili kuzindua Awamu ya Pili ya Mradi wa Maji Moto ya Jua. Mtakumbuka kwamba katika Awamu ya Kwanza tulichagua kaya za mfano hapa kijijini, tukaziingiza kwenye mpango wa kufungiwa mitambo ya jua juu ya paa, na siku hiyohiyo, katika kulinda mazingira, Kamati ya Joto ikazifuta kaya hizo kwenye zamu ya kuokota kuni katika shamba la miti la kijiji, kwa sababu mtu mmoja hawezi kupewa jua na kuni, huko ni kula mara mbili. (Makofi ya Kamati peke yake.)

Sasa, baada ya utafiti wa kina, fizibiliti, semina elekezi na semina ya kuielekeza ile semina elekezi, tumegundua changamoto, nayo ni kwamba usiku jua halipo. (Minong'ono.) Tulieni, hata sisi tulishtuka. Ndiyo maana tukafunga safari ya mafunzo hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa, kwenda kuona wenzetu wanafanyaje, na ingawa kule joto ni jingi kiasi kwamba hakuna anayechemsha maji ya kuoga, tulijifunza kwa uchungu mkubwa, maana samaki aina ya mbasa, nawaambieni kama ndugu zangu, ana miiba. (Kicheko.) Naona mkono pale mbele. Shikamoo, mama.

(Mama: Marahaba, mwanangu. Mimi ni Bonifasia, wa kaya ya mfano. Mkwe wangu Marselina amejifungua juzi. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, alfajiri na jioni. Jana nimeazima kuni kwa jirani, leo naona haya kurudi. Naomba zamu yangu tu.)

Swali zuri sana, mama, na hongera kwa mjukuu. Kitaalamu, maji ya jua huiva saa nane mchana. Je, mzazi akikandwa saa nane, anapungukiwa nini?

(Bonifasia: Wewe mama yako alikandwa saa ngapi?) (Kicheko kirefu. Katekista anajifuta machozi.)

Alikandwa alfajiri, sitamsingizia marehemu, lakini enzi zile hapakuwa na mradi. Na ndiyo sababu nimewaletea bakapu, yaani joto la akiba la kusaidia jua pale linapochelewa kazini. Lipo joto la umeme, ambapo hita inakaa ndani ya tangi na kujiwasha yenyewe maji yakipoa, nalo litawafaa sana mara nguzo zikifika, na nguzo ziko njiani, na njia iko kwenye mpango. Lipo la gesi, ambapo mtungi unapanda pikipiki kutoka Kitai na kufika hapa ukiwa umechoka kuliko dereva. Tumefikiria pia jiko la maganda ya kahawa lenye bomba la kupeleka joto kwenye tangi. Hili nalipenda mno, nimelichora mwenyewe. Lakini stekiholda wetu wameafikiana kwa asilimia mia na nne kwamba chaguo bora ni Mfumo Shirikishi wa Kienyeji, unaoundwa na sufuria kubwa, mafiga matatu, na kuni.

(Bonifasia: Kuni za wapi, mwanangu?)

(Mwenyekiti Raimundi: Mheshimiwa, kaya za mfano zimekatazwa kuni.)

Na katazo liko palepale, Mwenyekiti, tusiyumbishwe. Kanuni ya Kamati inasema kaya itarudishiwa zamu ya kuni pale tu itakapothibitika hadharani, kwa kauli ya afisa mwenye dhamana, kwamba haina mtambo wa jua.

(Bonifasia: Paa langu hilo hapo. Kuna kuku tu.)

Mama, wewe unaona kwa macho, sisi tunaona kwa taarifa. Mwenye dhamana ni mimi. Naomba tuendelee, ukungu usije ukaondoka kabla sijamaliza. Nikisema jua letu, mseme joto letu. Jua letu. (Wachache: Joto letu.) Nikisema bakapu kwanza, mseme mtambo baadaye. Bakapu kwanza. (Wananchi: Mtambo baadaye.) Vizuri sana.

Kwa kuhitimisha, namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniamsha salama. Nawashukuru wahisani, ambao kwa unyenyekevu wao mkubwa hawajajitokeza mpaka leo. Namshukuru mwenye nyumba ya wageni moja kule Mbinga mjini, aliyeturuhusu kupiga picha mtambo wake kwa ajili ya kalenda yetu. Na zaidi ya yote naushukuru mradi wenyewe, mradi wa kipekee, ambao tangu uanze haujavuja, haujapasuka, haujalalamikiwa na fundi yeyote, kwa sababu, niwanong'oneze maana hapa niko nyumbani, hakuna mtambo hata mmoja ulionunuliwa, ulioletwa, wala ulioagizwa, na kwenye bajeti ijayo hatukuuomba.

(Bonifasia: Mwenyekiti, umesikia?)

(Raimundi: Nimesikia. Ni kauli ya afisa mwenye dhamana, na imetolewa hadharani. Kaya za mfano, zamu yenu imerudi. Kachukueni kamba.)

(Kaya za mfano zinasimama na kuelekea shamba la miti, Bonifasia akiwa mbele, kanga kiunoni. Wasio wa mfano wanawafuata kuwasaidia kubeba. Kamati nayo inainuka.)

Ndugu wananchi, naona mmeguswa kiasi cha kushindwa kukaa, na mimi nimeguswa pia. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Mama Bonifasia, mama, samahani, usinipite. Ukishamkanda mzazi, kama yatabaki maji ya moto hata ndoo nusu, mimi na dereva wangu hatujaoga tangu tulipoondoka mjini.