Yah: Kufukuzwa kwa Mbwa Wangu Afande Hapa Kibiti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, Mzee Haidari,

Assalamu alaykum. Nimeipata barua yako inayotaka mbwa wangu Afande awe ametoka mjini ifikapo Ijumaa, kwa kosa la kubweka kila alfajiri. Nimeisoma mara tatu, tena nikiwa nimekaa. Mzee wangu, Kibiti hii haina huruma kwa mwenye mbwa. Kwa heshima zote naleta malalamiko:

1. Gharibu wa bodaboda hataki kumpakia Afande twende shamba Mtawanya. Eti akiramba siti itabidi ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikamwambia udongo nitakuja nao mwenyewe, kwenye mfuko. Akawasha pikipiki akaondoka.

2. Kwa Bi Rukaya muuza chapati, paka anapanda mpaka mezani na anaitwa mwanangu. Afande akisimama ng'ambo ya barabara tu, anamwagiwa maji. Huu ni ubaguzi wa mchana kweupe.

3. Kikao chenu cha mtaa kilimhukumu bila kumwita. Hata mwizi wa kuku huulizwa! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Naomba kikao kirudiwe, Afande apewe mkeka, ajieleze. Mkalimani nitakuwa mimi.

4. Baada ya hapo aingizwe kamati ya ulinzi, maana kazi yao anaifanya yeye, wajumbe wamelala.

Kubweka sikatai. Anabweka, tena kwa ufundi. Mwaka jana nguruwe pori walimaliza muhogo wangu wote nyuma ya nyumba. Tangu aje Afande hawajagusa hata shina moja. Akiondoka Ijumaa, wanangu watakula nini? Nina uchungu, Mzee wangu, sikufichi.

Nisalimie mama na watoto, wajumbe wote, na Bi Rukaya pia. Paka wake simsalimii.

Ni mimi mkazi wako niliyeonewa,
Mshamu

NB: Mke wangu Mwanahawa ameisoma barua hii, kaninyima chai mpaka niseme kweli. Afande hajabweka hata siku moja tangu nimpate. Nguruwe wakija alfajiri hujificha nyuma yangu akitetemeka, na anayebweka ni mimi. Basi kama lazima mmoja ahame Ijumaa, nitahama mimi. Yeye mwacheni, hana pa kwenda.