Kamera, Kifuniko na Mkwe

Jumatatu, 2 Oktoba 1972
Nimepata kamera! Nimebadilishana na baharia Mgiriki pale bandarini: yeye kamera kuukuu na mikanda miwili, mimi kikapu cha korosho nilizobangua mwenyewe hadi vidole vikababuka. Kanifundisha kwa ishara. Unachungulia kidirishani, mtu anaonekana wawili. Unazungusha pete hadi wawili wawe mmoja. Unabonyeza. Basi!

Shaibu mpiga picha ajiangalie. Mimi na yeye tumepeleka posa nyumba moja hapa Mikindani, kwa Bi Saumu. Wote tunamtaka bintiye, Mwanaisha. Mama mtu atajibu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Tena anataka picha yake ya kumpelekea dada yake wa Kilwa, hawajaonana miaka kumi na mmoja. Studio kwa Shaibu haendi. Kule pazia limechorwa ndege, naye anasema hajapanda ndege na hatasingizia. Anataka mlangoni kwake, kwenye kiti chake. Nani atakwenda kumpiga? Mimi, Thabiti!

Jumanne, 3 Oktoba
Nimejizoeza kwa mbuzi wa jirani, bila mkanda. Mbuzi wawili, nazungusha, mbuzi mmoja. Ajabu! Halafu nikagundua jambo ambalo Mgiriki hakunionyesha. Kifuniko cha mbele kiwepo kisiwepo, kidirishani naona vilevile! Kumbe ni cha kuzuia vumbi tu. Kichwa ninacho.

Jumatano, 4 Oktoba
Kazini, ofisi ya korosho, nimesema tumbo linauma. Bi Saumu kakaa mlangoni, kanga mpya, birika la kahawa miguuni. Nikaona taabu yangu. Mkwe hakodolewi macho. Ukikutana naye njiani unainamisha uso na kumpisha. Sasa nimwelekezee lile jicho kubwa la kioo, usoni kabisa, na Mwanaisha anachungulia nyuma ya mlango? Hapana. Nikaacha kifuniko mahali pake. Jicho limefunikwa, adabu imetimia, na mimi naona kwenye kidirisha changu kidogo.

Wakwe wawili! Nilitaka kukimbia. Nikazungusha upesi, akabaki mmoja. Picha thelathini na sita. Bi Saumu aliuliza kama anaruhusiwa kupumua. Mwishoni akanisifu: nina heshima kuliko Shaibu, aliyemshika shoga yake kidevu na kumgeuza kama anachagua papai. Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 5 Oktoba
Loo! Nani atasafisha mkanda? Mwenye chumba cha giza hapa ni mmoja tu, Shaibu. Akiona sura ya Bi Saumu ataiharibu makusudi. Nimetumia akili. Juu ya bahasha nimeandika: Magunia ya korosho, mali ya ofisi, siri. Kaipokea bila swali. Mjinga yule!

Ijumaa, 6 Oktoba
Nina hasira! Baada ya sala Shaibu kanirudishia mkanda mweupe kama kioo cha dirisha. Eti magunia hayakutoka. Mwongo! Kamfuta mkwe wangu! Nikamvuta mkono wa kanzu hadi barazani kwa Bi Saumu, nusu ya msikiti nyuma yetu, nikamshitaki kwa sauti.

Shaibu hakubisha. Aliniomba tu nionyeshe nilivyopiga. Nikainua kamera, nikachungulia, nikabonyeza. Akanyoosha kidole akagonga kifuniko. Ko, ko.

Mwanaisha alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Ardhi ingepasuka ningeingia. Nikamweleza Bi Saumu kuwa ni heshima. Akasema hajapata kuona mkwe mwenye adabu hii, wala mjinga kiasi hiki, na hajui lipi limezidi. Shaibu akaangua kicheko. Akaambiwa anyamaze, walau mimi sishiki videvu vya watu. Hukumu: Jumapili jioni Bi Saumu aione sura yake kwenye karatasi, ama posa yangu irudi kwetu.

Jumamosi, 7 Oktoba
Kifuniko nimekitupa baharini. Nikapiga upya, jicho wazi, jasho hadi kwenye soksi. Bi Saumu kanitazama, nami nikamtazama, Mungu anisamehe. Nilipomaliza, Mwanaisha akaninong'oneza kutoka nyuma ya mlango: safari hii nisiwaangushe, yeye jibu lake analo siku nyingi. Jibu lake! Nampenda binti huyu hadi chakula hakipiti. Mkanda ni wa mwisho, sina mwingine.

Jumapili, 8 Oktoba
Shaibu ananingoja studio. Ameapa atausafisha mbele ya macho yangu, ila gizani, eti mkanda unaungua ukipigwa na mwanga. Anajifanya mwema! Mtu akichekwa mara moja inatosha. Kabla sijamkabidhi, nitahakikisha mwenyewe kuwa picha zote zimo. Humu chumbani giza, sioni kitu. Ila uani jua la saa nne linawaka vizuri sana. Natoka, nafungua mgongo wa kamera, nauvuta mkanda wote hadi mwisho, namhesabu mkwe wangu mmoja mmoja, kisha naurudisha taratibu. Leo Shaibu hana pa kunipatia.