Sidiria ya Rangi ya Maziwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshtakiwa. Naandika nikiwa nimejifungia chooni, maana chumbani yuko kaka na hachoki kucheka. Wizi wa dukani, kosa la kwanza. Kitu chenyewe: sidiria. Pesa nilikuwa nayo mkononi, imelowa jasho. Lakini kauntani alikaa yule kijana aliyekuwa darasa moja mbele yangu, na mbele yake mimi hata kalamu siwezi kununua. Nikaitia mkobani, nikapanga kuileta pesa kesho kwa njia fulani. Mlinzi akanishika mlangoni. Nilipoulizwa kwa nini, sauti haikutoka. Polisi akaandika: amekataa kujieleza.

Kaka anasema afadhali ningeiba televisheni, tungefaidi wote. Mama alikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika, ndipo akauliza kwa nini sikumwambia anishonee.

Jumanne, 4 Machi
Mahakamani. Karani alisoma shtaka kwa sauti ya kutangazia mechi: sidiria moja, rangi ya maziwa, na saizi yake. Mtu akakohoa nyuma. Nimepata dhamana, mama ndiye mdhamini. Sharti: nisikanyage duka lile mpaka kesi iishe.

Wakili wa msaada wa kisheria anasema njia ni mbili. Nikikiri, hakimu huenda akaniachilia kwa masharti, lakini kumbukumbu ya kosa inabaki. Au mwenye duka anisamehe na kuondoa malalamiko kabla ya Jumatatu, nibaki safi. Mama mwenye duka anataka kitu kimoja tu: nimweleze kwa mdomo wangu.

Chuo cha uuguzi kilichonichagua kinataka cheti cha polisi cha tabia njema. Sare mama ameshaishona. Imetundikwa ukutani, nyeupe, inanitazama.

Ijumaa, 7 Machi
Ofisini kwa wakili. Mwenye duka alinisogezea kiti, akasema mwanangu, sema tu, sikuli. Nilitazama viatu vyake dakika kumi. Vya kahawia, kisigino cha kushoto kimelika. Akaondoka akisema atanisubiri mpaka Jumatatu asubuhi.

Lakini nimepata wazo. Nitaandika barua, niitie kwenye bahasha pamoja na pesa ya sidiria, niiache kimya kimya kwenye rafu ileile. Ataiona, atalia, atasamehe. Hakuna haja ya mdomo.

Jumamosi, 8 Machi
Nilivaa gauni la shangazi na miwani ya kaka. Sharti linasema mimi nisikanyage duka. Kwa mavazi yale nilijihesabu si mimi.

Mkono ulikuwa ndani ya rafu mlinzi aliponigusa bega. Yuleyule. Akauliza, binti, rafu hii umeirithi? Bahasha ikadondoka nyuma ya rafu, hakuna aliyeiona. Nikafungua mdomo nieleze. Wapi. Mama alikuja kunitoa kituoni, sindano yenye uzi bado imechomekwa kifuani pa blauzi.

Jumatatu, 10 Machi
Mwenye duka amekataa kuondoa malalamiko. Alikuwa tayari, amesema, lakini anayerudi kwenye rafu ileile hajajuta. Wakili akaninong'oneza niseme nilifuata nini pale, sentensi moja inatosha. Nilitazama viatu. Leo vilikuwa vya bluu.

Nimekiri kwa kutikisa kichwa. Karani akataka sauti, nikatoa ya panya. Hakimu amenikaripia kwa kuvunja sharti la dhamana, kisha amenitia hatiani na kuniachilia kwa masharti ya mwaka mmoja: nikifanya kosa jingine lolote, naadhibiwa kwa yote mawili. Nyumbani mama alitungua sare, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya vitambaa vya wateja.

Jumatano, 12 Machi
Wakili amepigia chuo simu. Hawanifuti moja kwa moja. Niende Ijumaa na mama, nimweleze mkuu wa chuo ana kwa ana, robo saa. Mama ameitoa sare, anaipiga pasi, anaimba.

Ana kwa ana. Robo saa nzima.

Nimepata wazo. Barua kwa mkuu, kana kwamba ameiandika mama: binti anaumwa koo, hawezi kuongea, maelezo yote yamo humu. Kesho namwachia mlinzi wa geti la chuo, kisha namwambia mama kwamba mahojiano yamefutwa. Saini yake ni herufi mbili na mkia. Nimeijaribu mara sita nyuma ya ukurasa huu. Ya sita hata mwenyewe angeapa ni yake.