Namba Ishirini na Nne

Jumatatu, 4 Machi 1974, Arua

Ndugu wapambanaji, enyi kurasa tupu msionikatiza, saa ya kutenda imewadia. Poni, muuguzi wa vidonda, anahamishiwa Koboko Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi Tahiru, mhitimu wa chuo kikuu na karani wa zahanati hii, sijamwambia neno hata moja la moyoni. Nimehutubia migomo miwili. Mbele yake mimi huuliza tu kama bandeji zimefika.

Jumanne, 5 Machi

Silaha imepatikana. Kila tiba ina namba, nami huijaza kwenye kadi ili makao makuu yatulipe. Kumi na moja: kuosha na kufunga kidonda. Kumi na saba: kupasua jipu. Ishirini na nne: kushona. Na kanuni ya ishirini na nne ni kali: nyuzi hutolewa siku ya saba, kwa mkono uleule ulioshona. Basi muuguzi mwenye nyuzi za kutoa hahamishwi.

Hawah, muuza mihogo, alikuja na mwiba mguuni. Poni aliutoa, akaosha, akafunga. Nikaandika ishirini na nne.

Jumamosi, 9 Machi

Walioshonwa kalamuni ni thelathini na mmoja. Yakubu mchinjaji alichubuka kidole: ishirini na nne. Jipu la Lukudu: ishirini na nne.

Mama Candiru, mkuu wetu, alitazama rundo la kadi. "Mwanangu, Arua iko vitani?" Nikajibu kwamba historia ina misimu yake. Akauliza kama historia ndiyo inayojaza kadi.

Poni alipita na beseni, akinukia spiriti. Nikamuuliza kama pamba imefika. Ilikuwa imefika.

Jumanne, 12 Machi

Siku ya saba. Nilisahau kwamba kadi ya ishirini na nne humwita mgonjwa arudi. Hawah alifika, kandambili mkononi. "Karani, uzi iko wapi? Mimi natafuta tangu asubuhi." Yakubu, aliyejileta mapema, alidai nyuzi zake pia, kwani soko zima alishaliambia kuwa ameshonwa.

Poni alitazama mguu, akatazama kadi, kisha akanitazama mimi. Hakucheka.

Alhamisi, 14 Machi

Barua ya makao makuu. Haina karipio, ni pongezi. Hawajapata kuona muuguzi aliyeshona thelathini na mmoja kwa juma moja. Mkono kama huo, wasema, ukae Koboko daima. Nyuzi za Arua atazitoa Taban, muuguzi mpya, kwa idhini maalumu.

Poni alinieleza huku akikunja aproni. Alikuwa aende wiki tatu tu, kumshikia zamu muuguzi aliyejifungua. Akikana kwamba alishona, zahanati itafungwa, nami nitafungwa pamoja nayo. Kwa hiyo atanyamaza, ataenda. "Bwana Tahiru, ungeniuliza tu."

Hotuba nzima ilinijaa kifuani. Nikamuuliza kama amepewa mikasi ya kutosha.

Jumapili, 17 Machi

Aliondoka jana kwa lori la tumbaku, sanduku magotini. Alimpungia Mama Candiru mkono. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Candiru, hivyo sehemu ya mkono ule ilikuwa yangu. Nimekaa leo katika chumba cha vidonda mpaka harufu ya spiriti ikaisha.

Nimechambua kosa. Mbinu ilikuwa sahihi. Namba ndiyo iliyotusaliti. Kuanzia sasa kila ajaye, hata mfupa uonekane, ni kumi na moja. Arua ikikosa vidonda vya maana, karani wake atakosa kazi, na karani asiye na kazi hupelekwa penye kazi. Koboko kuna kazi.

Ndugu, tunakutana kesho saa mbili asubuhi, kwenye meza ya kadi. Atakayechelewa atakuta mapinduzi yameshajazwa.