Kuvu Wako Wamemmeza Mama Mkwe

Kwa Shemeji yangu, Bwana Shamba,

Pole na kazi. Mimi mzima, dada yako mzima, ila nyumba haina amani, na chanzo ni wewe.

Ulipotutembelea ulinikataza kuchoma majani na maranda ya karakana yangu. Ukasema niyarundike uani, niyanyunyizie maji, kuvu wa udongoni watayamaliza. Nikatii, maana dada yako alikuwa ananitazama. Sasa nalalamika hivi:

1. Kuvu hawa hawana adabu ya kula. Nimefukua nikaona nyuzi zao nyeupe, nyembamba kama utando wa buibui, zimepenya kila jani. Mdomo hawana. Hulitemea jani maji yao, likalainika na kuyeyuka, ndipo wakalifyonza. Mgeni gani hutemea chakula kwanza?

2. Wananidhalilisha kikazi. Mimi seremala naushinda mti mgumu kwa msumeno, tindo na jasho. Wao wanaushinda kwa mate. Juzi mwalimu mstaafu alikuja kuagiza kabati, akaondoka na ndoo ya udongo wao mweusi, anaunusa njia nzima. Kabati hakulitaja tena.

3. Hili ndilo kubwa. Mama yako mzazi alikuja kutusalimia. Nikamkaribisha kwenye gogo nono lililoegemea rundo, gome lake zima kabisa. Kumbe ndani wamelila lote, wamebakiza ganda la kutudanganya macho. Mama akaketi, akazama mpaka kiunoni. Shemeji, mkwe anavutwa kwa kushikwa wapi? Nililizunguka gogo kama kuku anayetafuta pa kutagia, na dada yako kicheko kimemkalisha chini, hana msaada. Hatimaye nikainama, nikanyoosha mkono huku nimefumba macho. Mama akasema, "Niache kwanza, mkwe. Huku chini kuna joto zuri."

Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu tumzike baba mkwe hatukuwa tumekisikia kicheko kile. Nami nikacheka, jambo ambalo limeuharibu sana msimamo wangu.

4. Mama sasa amekataa kurudi kwake. Kila asubuhi yuko uani na jembe, anageuza rundo na kuwasifu kuvu kuwa ni wachapakazi. Mimi nimemuoa binti yake miaka yote hii, neno hilo sijalisikia.

Kwa hiyo naomba, kwa mamlaka ya ofisi yako, uwahamishe kuvu wote mara moja, au angalau uwape onyo kali. Wakikaidi, nitarudia kiberiti.

Wasalimie mkeo, watoto, na yeyote atakayekuuliza habari zetu bila kucheka.

Ni mimi shemeji yako, mwenye uchungu lakini na heshima zote,
Seremala

N.B. Ukija kuwahamisha, njoo na magunia ya majani makavu, yaliyojaa. Yetu yamekwisha. Jana nililipasua benchi langu la karakana vipande vidogo vidogo ili wasilale njaa. Dada yako asijue.